Ada niliipata, shida ilikuwa saa 11 jioni

Ukurasa wa kwanza wa kaunta buku langu la bajeti niliuandika kwa rula na peni mbili, nyekundu ya vichwa na bluu ya namba, Septemba 2022, usiku, watoto wamelala. Yani ukiuona utasema huyu mama kajipanga. Mapato kushoto, matumizi kulia, chini nimepiga mistari miwili kama tulivyofundishwa diploma, na salio linabaki elfu 11. Elfu 11 chanya! Nikampigia mume wangu saa 5 usiku, nikamwambia baba watoto inawezekana, narudi shule. Akauliza, umehesabu vizuri? Nikamwambia wewe unaongea na mhasibu bwana.

Ule ukurasa bado ninao na nikiuangalia leo nacheka, maana kila namba iliyopo pale ni sahihi. Ada sahihi, nauli sahihi, unga, gesi, umeme wa luku, mpaka ile 1,000 ya kodi ya jengo tuliyokuwa tunakatwa kwenye luku sisi wapangaji kwa nyumba ambayo hata msumari wake sio wetu. Lakini kitu kilichonitoa jasho miaka mitatu yote hakipo kabisa kwenye ule ukurasa. Masaa. Saa 11 jioni mpaka saa 4 usiku, Jumatatu hadi Alhamisi, wanangu wako na nani na huyo mtu analipwa nini.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi ni karani wa hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo, diploma yangu niliipata zamani, na miaka yote hiyo nimekaa meza ileile. Wanakuja vijana wana digrii, nawafundisha jinsi mzigo unavyoingizwa kwenye mfumo, nawaonyesha faili la risiti liko wapi, baada ya miezi sita naambiwa huyu ndo bosi wako. Wa kwanza nilimvumilia. Wa pili nikamvumilia. Wa tatu alikuwa ananiita anti, nikasema hapana, sasa hii imezidi.

Mkubwa wangu alikuwa darasa la pili, mdogo ana mwaka na miezi tisa. Tunaishi Temboni, Dar, ile ya barabara ya Morogoro, ukishapita Suka. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Kilosa, anakuja mwisho wa mwezi na likizo. Kwahiyo kwa siku za kawaida nyumba ina mtu mzima mmoja, na huyo mtu mzima ndo kaamua kwenda kusoma digrii ivining, saa 11 na nusu mpaka saa 2 na nusu usiku, Posta mjini.

Kuhusu hela. Watu huwa wananiuliza mbona hukuomba mkopo. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005 na imesomesha watu wengi tu, mume wangu mmojawapo, ila nilipoenda kusoma vigezo nikakuta mwombaji asizidi miaka 35 na asiwe na ajira rasmi. Mimi nilikuwa na 36 na nina ajira. Nimegonga mlango mmoja ukanifungia mara mbili. Alafu hata mkopo wa mume wenyewe ni story. Yeye alianza kazi wakikata asilimia 8, sheria ikabadilishwa 2016 ikawa 15 ya mshahara, tena deni lilikuwa halishuki kwa sababu kila mwaka linaongezewa ile asilimia 6 ya kutunza thamani. Nakumbuka Mei Mosi ya 2021, Rais Samia yuko Mwanza anasema ile 6 inafutwa, mume wangu alikuwa anakunywa chai, aliiweka kikombe chini akanyamaza kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa kupona. Ukichukua slipu yake, mfuko wa pensheni asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, bodi 15, hiyo ni robo ya mshahara imeondoka, na kodi bado hujaitaja. Bima ndo kitu pekee ambacho sikilalamikii, watoto wakiumwa wanatibiwa kwa kadi ya baba yao.

Mimi mshahara wangu ulikuwa 480,000. Toa 48,000 ya pensheni ya NSSF, toa 12,960 ya PAYE, ile kodi ya mshahara, naondoka na 419,040. Yeye akishakula na kulipa chumba chake kule ananitumia laki 3. Hiyo ndo nyumba nzima.

Ada ilikuwa 1,400,000 kwa mwaka, laki 7 kila semista. Sina ndugu tajiri, nina kikoba. Kikoba chetu cha mtaani tuko wanawake 26, kimesajiliwa kabisa lile daraja la nne, la vikundi kama vyetu, kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, kila Jumapili tunakutana kwa mwenyekiti, hisa moja 5,000, mimi nanunua tatu, na elfu moja ya mfuko wa jamii. Unaruhusiwa kukopa mara tatu ya hisa zako kwa riba ya asilimia 10, na ile riba mwisho wa mwaka inarudi kwetu wenyewe. Kwangu mimi hakuna benki inayofikia kikoba, wanakujua, ukichelewa rejesho wanakuja kukuuliza unaumwa au una jeuri.

Oktoba nikakopa laki 4, nikalipa kwa kontrol namba, ile namba ya malipo inayotolewa na chuo, nikaingia darasani na begi jipya. Ikabaki laki 3 ya kumalizia kabla ya mitihani ya Februari, nikasema hiyo nitatoa kwenye mgao. Hapa ndo mhasibu alipojichanganya. Kikoba kinavunjwa Desemba, yani kila mtu anagawiwa hisa zake, na ili kivunjwe lazima kila mtu awe amefunga deni lake, kwahiyo deni langu likakatwa kwenye hisa zangu mwenyewe, nikapokea laki 4 na nusu hivi. Januari ni kodi ya nyumba ya miezi sita, laki 7 na 20. Januari ni sare na viatu vya mkubwa. Na Januari kikoba kinaanza upya, maana yake mwisho wa mwezi nina hisa za wiki tatu, 45,000, ukizidisha mara tatu nakopesheka 135,000. Yani mwezi ule ambao chuo kinadai ndo mwezi ambao kikoba ni kichanga. Kwenye karatasi mwaka mzima hela ilikuwepo. Tarehe ndo zilikuwa hazipo. Na mimi nimefundishwa tofauti ya faida na mzunguko wa fedha tangu nina miaka 22, nimejibia mitihani.

Nikaenda kausha damu.

Sikumwambia mume, sikumwambia mtu. Ofisi yenyewe ya hiyo mikopo ya riba kali ni fremu moja, meza, dada mwenye tabasamu na daftari. Laki 3, unarudisha 13,000 kila siku kwa siku 30, dhamana nikaandikisha friji na tivii. Hela ilitoka dakika 20. Nikalipa, nikapewa ruhusa ya kufanya mtihani, na kila siku saa 12 na nusu asubuhi kijana anakuja getini na bodaboda yake, anapiga honi mara moja tu. Mpaka leo nikisikia honi moja asubuhi tumbo linashuka. Nilikuwa natoa ile 13,000 kwenye hela ya kula, mwezi mzima tumekula dagaa na mchicha, mkubwa akaniuliza mama tumekuwa maskini? Nikamwambia hapana, tunasoma.

Sasa semista ya pili tukawa na somo la usimamizi wa fedha. Lekcha mmoja mzee, taratibu, anaandika ubaoni mpaka mkono unajaa chaki, akasema leo tunahesabu riba halisi ya mwaka, chukueni mfano wowote. Wenzangu wakaandika asilimia 17 za benki. Mimi nikaandika 30 kwa mwezi, maana 13,000 mara siku 30 ni 390,000 kwa laki 3. Kalkuleta yangu ya Casio, 1.3 kipeo cha 12. Ikaja 23.298. Nikazidisha kwa laki 3, nione deni lingefika wapi kwa mwaka. Milioni 6, laki 9 na 89 elfu. Nikafuta, nikarudia, ileile. Alafu nikakumbuka kwamba mimi ile laki 3 hata sikukaa nayo mwezi, nilianza kurudisha siku ya pili yake, kwa wastani nilikuwa natumia kama nusu tu, maana yake riba yenyewe hasa ni kubwa kuliko hiyo niliyoipata. Jirani yangu wa darasani akaniuliza mbona unatetemeka. Nikamwambia AC.

Jioni ile nilimpigia mume wangu nikamwambia kila kitu. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia kuku wa mwenye nyumba wake kwa nyuma. Akasema mama watoto, kwani mimi ni nani yako? Basi. Hakuongeza neno, na bora angenifokea.

Ila hiyo ya hela ilikuwa na mwisho. Nilipoelewa ugonjwa ni tarehe, nikaongea na kikoba, mwaka uliofuata nikawa nakopa Juni na Septemba nafunga ada mapema yote ya semista ya kwanza kabla ya Desemba, na kodi ya nyumba nikamwomba mwenye nyumba isogee iwe Machi na Septemba. Mwenye nyumba alikubali kirahisi mpaka nikajilaumu kwanini sikumuuliza miaka yote ile. Kisha mwaka wa pili nikaanza kutunza vitabu vya maduka mawili ya mtaani, Jumapili baada ya kikoba, duka moja elfu 80 kwa mwezi, naandika mauzo na manunuzi, nawaandalia hesabu za kodi za TRA. Hapo ndo nikaanza kuhema.

Masaa ndo hayakuwa na mwenyekiti wa kuongea naye.

Wakati naanza chuo nilikuwa na dada wa kazi, binti wa Singida, mkimya, mchapakazi, nilikuwa namlipa elfu 60. Kwenye bajeti yangu alikuwa mstari wa tisa, chini ya gesi, juu ya sabuni. Nilivyoanza masomo kazi yake iliongezeka masaa matano kwa siku, kulisha, kuogesha, kulaza, homework, mlango kufungwa na kufunguliwa saa 4 usiku, na mshahara ukabaki palepale kwa sababu, nitasema ukweli, haikunipita hata kichwani. Desemba akaenda kwao Krismasi. Nilimpa nauli, vitenge viwili vya mama yake, kilo tano za mchele. Tarehe 3 Januari simu haipatikani. Tarehe 5 haipatikani. Tarehe 8 nikaelewa.

Kila mama wa Dar anaijua hii ya dada kuondoka Krismasi, tunaicheka kwenye magrupu, tunasema hawa mabinti hawana shukrani. Nilisema hivyohivyo. Wiki ileile nikasikia kwenye redio ile amri ya mishahara mipya iliyoanza Januari mosi 2023, mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kima cha chini elfu 60, asiyelala laki na 20. Nikajisikia vizuri kabisa, nikasema mbona nilikuwa nalipa kisheria. Kima cha chini! Kwa mtu aliyekuwa anaamka saa 11 alfajiri na analala mimi nikisharudi.

Mama mkwe akaja kutoka Lushoto kuniokoa na mitihani. Namheshimu sana huyu mama, alikuja na kapu la viazi na maparachichi na akaingia jikoni kabla hajakaa. Watoto walinenepa. Ila Temboni ilimshinda, hakuna wa kusalimiana naye kwa Kisambaa, kila mtu kafunga geti, na kila jioni ananiuliza mwanangu hiyo shule inaisha lini. Machi mvua zikaanza na akawa anaangalia mawingu kama mtu anayesubiri basi. Akasema shamba halijui kama wewe unasoma. Aliondoka na alikuwa na haki.

Baada yake ikawa deikea. Nilizunguka vituo vinne. Kisheria kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kiwe na usajili wa ustawi wa jamii, hiyo ipo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, na nilikuwa nauliza cheti kabla sijauliza bei, kimoja mwenye kituo alinijibu kwani wewe umetumwa? Nikapata kizuri, safi, wanalala kwenye magodoro ya peke yao, uji wa lishe saa 4, laki moja kwa mwezi. Kinafungwa saa 11 jioni. Vyote vinafungwa saa 11 jioni! Deikea zetu zimepangwa kwa ajili ya mama anayetoka kazini saa 10. Mama anayesoma usiku, nesi wa zamu, anayeuza chips mpaka saa 6, hao mtoto wao baada ya saa 11 anakuwa wa mtaa.

Na kweli akawa wa mtaa. Pale kona kuna mama mwenye genge, mtu mzima, nyanya vitunguu mchicha, tukaelewana kwa elfu 30 kwa mwezi anamchukua mdogo deikea, mkubwa akitoka shule anaungana nao, wanakaa nae pale gengeni mpaka nitakaporudi. Nilikuwa napaona pazuri, mkubwa alijua kuhesabu chenji kabla ya mwalimu wake hajafika huko. Elfu 30. Niliona nimepata dili.

Mwishoni mwa 2023, zile mvua za El Niño. Siku hiyo tuna tesiti ya kodi, ilianza kunyesha saa 12 jioni na mimi niko dirishani naiangalia, swali la tatu limenishinda, nawaza genge lile paa lake ni turubai. Saa 2 na nusu natoka, watu wamejaa kituoni, wanasema Jangwani pamejaa maji, magari hayapiti. Wakazi wa Kimara na Mbezi mnajua maana yake, Jangwani pakifungwa mji unakatika vipande viwili. Simu ina asilimia 4. Nikapiga, mama genge akapokea, nikasema mama shikamoo, Jangwani haipiti, akasema nimesikia, simu ikazima.

Nikatembea na wenzangu kutafuta daladala za kupitia Salenda, kumi na kitu zimepita zimejaa, moja tukapanda kwa dirishani, mimi na miaka yangu 37 na begi la kalkuleta. Mwenge saa 4 na nusu. Kutoka Mwenge Ubungo foleni, kutoka Ubungo Kimara foleni, bodaboda wa mwisho akanitajia elfu 8 nikampa bila kubisha. Saa 6 kasoro nimefika genge limefungwa, nikaenda chumbani kwake nyuma.

Mlango haukuwa umefungwa na komeo. Ndani taa ya kandili ya chaji, matenga matatu ya nyanya ukutani, mkeka chini, mdogo amelala kifudifudi kajifunika kanga ya mama genge, mkubwa amelala amekaa, kichwa kwenye tenga, mkononi ana daftari la shule ambalo mzazi alitakiwa asaini. Mama genge yuko macho kwenye kigoda, kavaa tayari, sweta na skafu. Nikaanza kuomba msamaha, nikawa naongea haraka haraka kama mwizi. Akanikatiza, akasema mwanangu mbebe huyo mdogo, mimi saa 9 natakiwa Mabibo nikafuate mzigo, na sasa sina faida ya kulala.

Hakusema kwa hasira kabisa. Alisema kama anavyotaja bei ya fungu.

Nilisaini daftari la mkubwa pale pale. Nyumbani sikulala, nikafungua kaunta buku. Kuna kanuni moja kwenye uhasibu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wote wanaikariri, kwamba gharama iandikwe pamoja na mapato iliyoyasaidia kupatikana, usiitupe tu popote ili hesabu ipendeze. Nikaangalia mstari wa tisa, chini ya gesi, juu ya sabuni. Nikachukua peni nyekundu nikaukata, nikaenda juu kabisa, sehemu niliyoandika MASOMO, ambapo kulikuwa na ada, nauli, fotokopi, nikaandika: mtu wa kukaa na watoto. Nikajaribu kuweka namba ya haki, sio ya kima cha chini. Binti wa Singida miezi mitatu, masaa matano ya ziada kwa siku, siku nne kwa wiki. Bibi miezi mitatu na shamba lake. Mama genge na usingizi wake. Jumla ikatoka inakaribia ada ya mwaka mzima, na hiyo ada nyingine mimi sikuwahi kuilipa, nilikuwa nadaiwa na watu ambao hawakunipa kontrol namba.

Asubuhi mume wangu akapiga, akasema labda uahirishe mwaka mmoja. Ni ushauri wa mtu anayekupenda na sikumkasirikia, ila nikamuuliza, baba watoto, wewe ulivyosoma nani alikaa na sisi? Maana mkubwa alizaliwa yeye akiwa mwaka wa tatu. Akacheka kidogo. Akasema sawa, nitaongeza elfu 50, nitaacha ile king'amuzi.

Januari 2024 akaja dada mwingine, binti wa Kigoma, miaka 20, kaletwa na shangazi yake. Nilikuwa nimejiandaa kumhoji, akaanza kunihoji yeye. Anti, unarudi saa ngapi? Saa 4 usiku. Kila siku? Siku nne. Akafikiria. Akasema mimi nataka laki, na nataka nijifunze cherehani, pale barabarani nimemuona fundi anafundisha. Nikamwambia sasa ukienda kwa fundi mtoto nani anamwangalia? Akanijibu, kwani huyu mtoto hajafika umri wa chekechea?

Jamani. Mdogo alikuwa ametimiza miaka mitatu, na mimi sikuwa nimeunganisha. Tukapanga hivi: mdogo chekechea saa 2 mpaka saa 6 na nusu, elfu 40, masaa hayohayo dada yuko kwa fundi, elfu 25 kwa mwezi nalipa mimi, wanarudi pamoja, jioni watoto ni wake mpaka usiku nikifika. Jumamosi mchana na Jumapili yuko huru, akae au aende anakojua. Jumla 165,000 kwa mwezi. Mwenzangu wa kikoba nilipomwambia alishika kichwa, akasema utawaharibu hawa mabinti, akimaliza kushona si ataondoka? Nikamwambia ndio, ataondoka. Na mimi nikimaliza digrii si nitaondoka pale dukani? Akaniona nimechanganyikiwa na shule.

Sio kwamba mambo yakawa matamu. Mdogo akianguka alikuwa ananipita mimi anakimbilia kwa dada, na mara ya kwanza niliingia chooni nikafungulia bomba. Somo la kodi nililisapu, yani nilifeli nikarudia mtihani, kodi! mtu wa PAYE mpaka senti. Kuna wiki dada aliumwa malaria na nikagundua sijui mdogo anapenda uji wa namna gani, nikakoroga wangu wenye mabonge, akaukataa akasema huu sio uji. Mkubwa ndo kajifunza kitu ambacho sikumfundisha, kila Jumapili anachukua kaunta buku anasoma mistari kwa sauti kama anasoma matangazo ya kanisani, akifika kwenye MASOMO anasoma jina la dada kwanza, alafu jina langu, anauliza kwa nini yake haipo. Nikamwambia yako inalipwa na serikali, sema michango ndo haiishi.

Julai mwaka huu nimemaliza mitihani ya mwisho. Dada yeye alimaliza kwa fundi mwezi wa tano, kanunua cherehani ya mkono wa pili kwa hela zake, ameiweka sebuleni karibu na dirisha na wateja wanakuja mpaka ndani, majirani walewale waliofunga mageti. Ameshaniambia Januari anahamia fremu pale karibu na genge, na nimeanza kutafuta mwingine mapema, safari hii nimeanza na kuuliza yeye anataka kujifunza nini.

Mahafali yanakuja mwisho wa mwaka. Jumamosi iliyopita nikampelekea dada kitambaa, nikamwambia nataka gauni la kuvaa chini ya joho, la heshima lakini linioneshe. Akavuta futi shingoni, akanipima kifua, kiuno, nyonga, akawa anaandika kwenye kidaftari chake, na kiuno alikiandika mara mbili. Nikamuuliza kiasi gani. Akasema elfu 25, kitambaa chako.

Nikamwambia dada, na mimi tena?

Akasema anti, kwa wengine 30.

Nimeandika kwenye kaunta buku, chini ya MASOMO. Fundi, 25,000.